Pete ya Kwanza ya Mti wa Gunda

Awendo, Agosti 1997

Omondi, ndugu yangu wa tumbo moja,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na si kwa kujidai. Ndicho tulichochezea kule Kericho, kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai, ambako kumtukana mtoto wa jirani kwa Dholuo kulikuwa kupoteza mate bure. Lakini iko sababu nyingine pia. Baba Mdogo Oloo amenionya nisikuite kwa lugha ya nyumbani nikiwa peke yangu, kwa maana marehemu akiitwa kwa lugha aliyopewa jina nayo, hugeuka nyuma. Nikamcheka usoni. Kisha nikaenda nikafanya vile vile alivyosema. Unanijua: mdomo mrefu, na ndani mwoga kama kunguru.

Ninachotaka ni kimoja tu. Nataka ulale. Umezikwa, umeliliwa, ng'ombe amechinjwa, watu wamekula wakashiba wakalalamika kwamba nyama ilikuwa ngumu, kama kawaida yao. Na bado unakuja. Kwa Mama umeacha, na kwa hilo nakushukuru, lakini sasa unakuja kwangu, na mimi ndiye mwalimu wa bayolojia, mimi ndiye nasimama mbele ya watoto wa watu nikiwaambia kwamba moyo ukisimama basi hakuna tena. Kwa hiyo wacha nikusimulie yote. Pengine kuna jambo hukulielewa ulipotutoka, na ukilielewa utapumzika.

Nianze na mti, maana ndio ulioanza haya yote.

Unaikumbuka ile gunda, yale mahame ya watu wa kale upande wa chini wa shamba la jirani yetu, Mzee Nyangweso. Ukuta wa udongo umezunguka kama ukingo wa bakuli, nje yake handaki lililojaa nyasi, na katikati lile tuta kubwa la udongo ambalo hakuna aliyejua kama ni nyumba iliyoanguka au ni kitu kingine. Miwa imepandwa pande zote, lakini pale hapaguswi. Hata dereva wa trekta, ambaye hamwogopi mtu wala chifu, anapazunguka. Na juu ya tuta ulisimama yago, mti ule ambao vitabu vya shule vinauita mwegea, na matunda yake marefu mazito yakining'inia kama yamefungwa kwa kamba.

Kazi yako ilikuwa kujua umri wa vitu visivyosema. Ulinieleza kwamba mti ulioota juu ya tuta hauwezi kulizidi tuta umri, kwa hiyo ukijua miaka ya mti utakuwa umeshapata pa kuanzia. Lakini nani angekubali ukate yago wa gunda? Mzee Nyangweso alikuambia, kwa upole wake wote, kwamba ukiugusa kwa msumeno yeye kwenye mazishi yako hatakuja. Basi mwaka jana mvua ndefu zikaja na upepo wake, mti ukalala wenyewe. Ulipiga simu shuleni, karani akanitoa darasani mbio nikidhani ni msiba, kumbe ni mti. "Atieno, umejiangusha wenyewe!" Ulikuwa na furaha ya mtu aliyekubaliwa posa.

Ukakata kipande cha duara kwenye shina, kikubwa kama sinia, ukakibeba mpaka kwenye simba yako, ile nyumba yako ya ujana karibu na lango. Ukaanza kukisugua kwa msasa. Kwaru, kwaru, kwaru, siku nzima, mpaka vumbi la mti likaingia kwenye chai yetu. Uliponieleza kuhusu pete za mti, kwamba kila pete ni msimu mmoja wa kukua, Mama akasikia akasema, "Mtoto wangu ana pete zote hizo na hajapata hata moja ya kumvisha mke." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Bado naliona lile shati lako la kijani limejaa unga.

Likizo ile nilikusaidia kuhesabu. Tulilowesha mbao kwa kitambaa ili mistari ijitokeze, mimi na pini, wewe na penseli, na hatukukubaliana hata siku moja. Mwishowe nilipata hesabu kubwa ya kutisha nikaanza kuringa. Ukaniambia, "Kata hiyo kwa nusu, halafu usiiamini hata hiyo nusu." Nilikasirika, nilikuwa nimeumia shingo! Ndipo ukanieleza kwamba huku kwetu mti unaamka kwa mvua ndefu, unalala, unaamka tena kwa mvua fupi, kwa hiyo mwaka mmoja unaweza kuacha pete mbili. Na mwaka wa njaa pengine usiache hata moja. Ulisema wenzetu wa nchi za baridi wana bahati, baridi inawapigia mstari kila mwaka bila kukosa, lakini mvua yetu haina adabu. Kosa langu ni kosa la kila mtu wa huku, ulisema. Tunahesabu mavuno tukidhani tunahesabu miaka.

Kwa hiyo ulitaka shahidi wa pili. Ukachukua kijipande kutoka moyoni mwa mti, pale penye pete ya kwanza kabisa, mti ulipokuwa mche. Na makaa kutoka kwenye jiko la kale mlilolichimbua chini ya tuta, wewe na wenzako wa kazi. Vyote viwili vikafungwa vikapelekwa ng'ambo, kwenye maabara inayopima kaboni. Mimi nilikwisha kusoma habari hiyo chuoni, lakini ni wewe uliyenifanya niione. Kila kilicho hai kinakula kaboni ya hewani, na ndani yake mna chembe kidogo inayooza polepole sana. Kikifa, kinaacha kula. Ile chembe inaendelea kupungua bila kujazwa, na anayejua kuipima anajua ni lini kilikula mara ya mwisho. Na pete ya mti ikishafungwa haili tena. Mti unaweza kuwa hai nje, na moyo wake ulishafunga kinywa zamani.

Lakini kabla hujavituma, mlikuta lile shimo. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuogopa, ingawa nilijifanya sijali. Lilikuwa chini kabisa ya mizizi, upande wa kulia wa sakafu ya nyumba ya kale, refu kama mtu, limechongwa kwa uangalifu kama kaburi. Hakuna mfupa. Hakuna shanga. Na si kwamba udongo ule unakula mifupa, kwa sababu hatua chache tu kando mlipata mifupa ya mbuzi mizima kabisa. Ulitoka mle shimoni mchana wa jua kali, Januari, miwa imekauka majani, na shati lako limelowa mgongo mzima. Nikakwambia ni jasho. Ukalivua, ukalinusa, ukasema, "Jasho halinuki ziwa." Ukaniuliza, "Walimzika nani hapa, Atieno? Hewa?" Sisi watoto wa majani chai, tungejuaje?

Siku chache baadaye ukaenda Mbita kuvuka kisiwani, ulikuwa umesikia kuna gunda nyingine huko. Mwaka huu magugu yamelifunga ziwa, Omondi, yamekuwa shamba la kijani ambalo hakuna aliyelipanda. Nahodha wa boti yenu alinusurika. Alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa chini kwenye majani, hakutaka kiti. Alisema mashine ilinaswa, upepo ukasukuma magugu yakapanda juu ya boti, ikapinduka. Alikushika mkono. Alisema mkono wako ulikuwa umemshika vizuri, halafu ukaachilia, na magugu yakajifunga juu yako. Wakatafuta kwa kasia, kwa nyavu, kwa ndoano. Hawakukupata, na hadi leo hawajakupata.

Yawa, vita vilivyofuata! Baba Mdogo Oloo akasema mtu wa maji hawezi kuachwa nje, atafutiwe tunda la yago azikwe nalo mahali pake. Kumbe ndivyo ilivyo tangu zamani, aliyepotea ziwani au porini asionekane, tunda la yago linazikwa kama yeye. Mara ya kwanza mimi kusikia. Mama akakataa katakata. Unajua Mama ni Msabato wa kweli kweli, kwake aliyekufa amelala na hajui lolote mpaka parapanda, na Mungu hadanganywi kwa tunda. Na mimi nikawa upande wa Mama, kwa kiburi changu tu. Nimesoma mpaka nikavaa joho, halafu nisimame mbele ya watu nililie kitu kinachoning'inia mtini?

Lakini Mama hakuwa anatetea dini peke yake. Jioni moja akiwa anachambua mboga aliniambia, "Nikizika tunda nimekubali. Wacheni nimngoje. Kungoja sio dhambi."

Basi akangoja. Na wewe ukaja.

Yeye ndiye aliyesikia kwanza. Ilikuwa mchana, jua la utosi, kuku wamejilaza kivulini. Alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama uani, akasikiliza. Kwaru, kwaru, kwaru, kutoka simba. Aliponiambia nilidhani ni majonzi. Halafu mke wa Mzee Nyangweso akaja kuomba chumvi, akasikia, akarudi kwake bila chumvi na hakuja tena. Jumapili moja nikasikia mwenyewe. Msasa juu ya mbao, unakwenda, unapumzika kidogo, kama wewe ulivyokuwa ukipumzika kupuliza unga, kisha unakwenda tena.

Nikasema ni dumuzi, wadudu wanakula mti. Nikafungua kufuli mbele ya Mama ili nimwonyeshe. Ndani hamna mtu. Kile kipande cha mti kiko mezani pako, na unga mpya umemwagika chini yake. Nikakigeuza. Upande wa nyuma, ule uliouacha na alama za msumeno, ulikuwa laini kuanzia ukingoni mpaka karibu na katikati. Na ulikuwa na maji, Omondi. Paa halivuji. Niliuweka puani. Magugu na samaki na matope, harufu ya ziwa, huku ziwa lenyewe liko mbali na kwetu. Nikasema kwa sauti kubwa, "Ni dumuzi!" Mama aliniangalia tu kwa huruma.

Akafurahi, unajua? Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaanza kukupelekea chakula simba. Yeye mwenyewe hali. Anakaa mlangoni kwako kutwa, anasikiliza, kanisani haendi, nguo zinamning'inia. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba, akawashukuru, akarudi kukaa. Kila nilipokuja nilimkuta amepungua, na niliona wazi kwamba mwaka hautaisha nikiwa na mama. Nilikukasirikia, sikufichi. Nilisimama mlangoni kwako nikakuambia, mwache mama yangu, wewe umeshakufa, unataka nini?

Ndipo Wairimu akaja kutoka Nairobi, yule mwenzako wa kazi uliyekuwa ukisema ni rafiki tu, na sisi sote tukikohoa. Alikuja na gari la ofisi kuchukua vitu vyako. Alilia kwanza pale langoni, akajipangusa, akaingia, akatuambia majibu ya maabara yamerudi.

Alisema mashine haitoi mwaka kamili, inatoa kipindi, kati ya hapa na pale. Lakini ni zamani kuliko babu yeyote tunayeweza kumtaja kwa jina. Na moyo wa mti na makaa ya lile jiko vina umri mmoja. Hakuna tofauti ambayo mashine inaweza kuiona. Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua. Mti huota kwenye mahame watu wakishaondoka, miaka mingi baadaye, ndege au nyani akidondosha mbegu. Huu uliota moto ukiwa bado unawaka. Na uliota katikati ya kaburi lisilo na mtu. Wairimu alitikisa kichwa, "Kama waliupanda, kwa nini waupande ndani ya kaburi?"

Nilijua kabla hajamaliza. Hawakuzika hewa, ndugu yangu. Walimzika mtu wa maji. Walimtafuta, hawakumpata, wakazika tunda la yago mahali pake, na tunda likafanya kama tunda linavyofanya, likaota. Wakajaza udongo kuzunguka nyumba yake wakaondoka. Uliyekuwa ukimhesabu pete zake kwa penseli ni yeye.

Sikumwambia Wairimu siku ile, nilimwandikia baadaye. Nilikwenda kwa Mama pale mlangoni kwako, nikakaa chini karibu naye. Sikumwambia habari za dini wala za mila. Nilimwambia ninachokijua. Mti hautengenezi mwili wake kwa udongo, Mama, unautengeneza kwa hewa. Hewa tunayoitoa sisi puani. Ile pete ya kwanza kabisa, ndogo kama jicho la kuku, imejengwa na hewa ya siku zile, mahali pale, watu walipokuwa wamesimama wanamlilia mtoto wao. Pumzi yao ilikuwa mle ndani. Imekaa miaka yote hiyo haijatoka, na sisi tumeipima tukaikuta.

Aligeukia mlango wako. Ndani ya nyumba ulikuwa unasugua. Halafu akauliza, "Na huyo mwanamke, mama yake, naye alilia pale?" Nikasema alilia. Akasema, "Basi alikubali." Akainuka, akajishika ukuta, akaniambia nimwite Oloo. "Lakini tunda nitalichagua mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."

Kwanza ilibidi twende ziwani tukuite, tukuchukue. Baba Mdogo alikodi pikapu ya kijana mmoja Mkuria kutoka upande wa Isebania, tukapita Homa Bay mpaka Mbita, Mama na mimi na yeye tumekaa nyuma kwenye mbao. Kijana akauliza, "Mzee, mbona mbele iko wazi na mnaumia huko nyuma? Nani anakaa hapa?" Baba Mdogo akamwambia kuna mgeni tutampata ziwani. Kijana alicheka akiwa anakwenda. Wakati wa kurudi hakucheka, na alifungua dirisha la upande ule ingawa kulikuwa na baridi.

Pale ufukweni maji hayaonekani, ni kijani tupu mpaka macho yanachoka. Hakukuwa na upepo. Baba Mdogo akavua viatu, akaita, "Omondi, wadhi dala," twende nyumbani. Hakupaza sauti, aliita kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili. Magugu yakainuka. Mbali kidogo, mahali pamoja, yakainuka na kushuka, kisha karibu zaidi, kisha karibu kabisa na miguu yetu. Inaweza kuwa kiboko, najua. Baba Mdogo akageuka akatuambia tutembee wala tusiangalie nyuma. Mimi, mwenye joho, sikuangalia nyuma.

Tunda Mama alilichagua kando ya mto Kuja, kwenye yago unaoinamia maji. Vijana walikata moja baada ya jingine wakimletea. Alikuwa analipakata kila moja mikononi, anafumba macho, anasema, "Huyu siye," anarudisha. Nusu ya siku, vijana wakaanza kunung'unika. Mwisho akapewa moja lililopinda kidogo, akalipakata, na nikaona mabega yake yanashuka. Akalibeba mwenyewe mpaka nyumbani, hakukubali kusaidiwa. Akaliogesha. Akalivisha shati lako la kijani.

Fundi wa Awendo alitengeneza jeneza la urefu wako. Asubuhi vijana waliliinua kutoka nyumbani kwa mikono miwili miwili wakitaniana, maana ndani mna nini, tunda na shati. Wanakwaya wakaimba, mchungaji akakubali kuja ingawa alisimama kando kidogo na Biblia yake kifuani. Kutoka uwanja mpaka kaburini, pale upande wa kulia wa simba yako, ni karibu sana. Katikati ya njia mmoja akaacha kutania. Halafu wa pili akaita msaada. Wakaongezeka, na bado walikuwa wanakwenda wamepinda magoti, jasho linawatoka. Kwenye pembe ya jeneza maji yakaanza kudondoka, tone, tone, yakaacha mstari kwenye vumbi nyuma yetu.

Tunda bichi lina maji mengi, najua, nafundisha. Na mbao za fundi yule huwa mbichi kila siku. Nikawasukuma wanaume, nikashika pembe moja, Baba Mdogo akinigombeza kwamba mwanamke habebi. Nikalibeba. Kuna uzito wa kitu na kuna uzito wa mtu, anayejua kubeba mtoto aliyelala anaujua. Ulikuwa wewe. Nililia siku ile kwa mara ya kwanza tangu ufe, nililia kwa sauti mpaka nikaona aibu, halafu nikaacha kuona aibu.

Tangu siku hiyo simba imenyamaza. Mama alilala kuanzia jioni ile mpaka asubuhi, akaamka akadai uji. Amenenepa kidogo. Anaenda kanisani, anatafuta kasoro kwenye nywele zangu, ananiuliza nitaolewa lini. Wazee wa kanisa hawajui wamfanye nini, naye hawaulizi.

Ungekomea hapo, ndugu yangu, ningekuandikia barua fupi ya asante.

Wiki tatu zilizopita, saa ya chakula, wanafunzi wote wako kwenye foleni ya githeri, nilikuwa nasahihisha madaftari ofisini. Maabara ya bayolojia iko ukuta wa pili. Nikasikia. Kwaru, kwaru, unapumzika, unapuliza, kwaru. Sikwenda kufungua, nilikaa nikasikiliza mpaka kengele. Na tangu hapo umekuja karibu kila siku ya kazi, saa ile ile ya jua kali.

Nilitaka kukulaumu. Nilitaka kusema tumekufanyia yote, unataka nini tena. Lakini Jumamosi iliyopita nilikwenda nyumbani, Mama akanishika mikono kunisalimia, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Kucha zangu zilikuwa na unga wa mti. Akaniambia, "Ukimwita anakuja kwa sababu anakupenda. Mwache mtoto wangu alale, Atieno."

Ni kweli. Wairimu alipokuja kuchukua kile kipande cha mti nilimwomba aniachie kipande kidogo, chenye ile pete ya kwanza. Nilimwambia ni cha kufundishia. Uongo mtupu, hakuna mwanafunzi aliyekiona. Kiko mezani maabara, nyuma ya darubini. Na kando yake nimeweka msasa. Mpya, niliununua sokoni Migori nikijiambia ni wa mguu wa kiti. Asubuhi nafika mapema nakiangalia. Nikikuta kimesuguliwa napitisha vidole pale uliposugua. Hivyo ndivyo ninavyoishi. Mama alikubali mbele ya watu wote, mimi niliyemshawishi sijakubali.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sikufa nawe. Nimebaki, na kubaki kunaniuma kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kuuma. Sina mtu mwingine wa kubishana naye. Baba Mdogo nikimbishia ananyamaza, na Wairimu anaandika barua nzuri mno. Ni wewe uliyekuwa ukiniambia mjinga nikajua napendwa.

Kesho baada ya vipindi nitakibeba kile kipande mpaka gunda, nikiweke juu ya tuta, mahali pake, kwa mwenyewe. Mzee Nyangweso nimeshamwambia, akasema atanisindikiza mpaka ukutani, ndani niingie peke yangu. Msasa nimempa fundi leo. Mkono wangu ulikataa kuuachia, ikabidi auvute kidogo.

Na naahidi hivi. Mama nitamtunza, hata akiniudhi. Kaburi lako nitalipalilia mimi mwenyewe, sitamwachia mtu mwenye jembe la haraka. Kila likizo nitakaa hapo nikuletee habari zote, na za Wairimu pia, usijifanye hutaki.

Lakini wewe usije tena, Omondi. Hata ukinisikia nalia, usije. Lala, ndugu yangu. Mimi ndiye nitakuja.

Dada yako,
Atieno